Zamu ya Jiko

Aliletwa Februari, nyuma ya pikipiki ya mjomba,
begi moja, kofia ya manyoya iliyomzidi kichwa.
Shijir. Miaka kumi na mmoja. Hakusema shikamoo.
Mjomba akanivuta pembeni, akanong'ona:
zudi imewamaliza. Walikuwa mia tatu na kumi na wawili.
Wamebaki kumi na tisa.

Huku Bayanhongor zudi haihitaji maelezo,
lakini wewe uliye mbali, sikiliza:
theluji huyeyuka siku moja, usiku ikaganda,
nyasi zikafungiwa chini ya barafu
kama wali chini ya mfuniko uliogoma,
na kondoo hufa njaa
amesimama juu ya chakula chake.

Mimi ni Dulamsuren, mlezi wa bweni.
Miaka ishirini na sita nahesabu soksi na chawa.
Huyu naye alikuwa mhesabuji.
Nikipita usiku na tochi namsikia ndani ya blanketi:
mia mbili na saba, Kilema;
mia mbili na nane, Mkia Mweupe;
mia mbili na tisa...
Hapo hukwama. Huanza tena moja.

Neno *jikaze* nililiacha mlangoni
pamoja na buti zenye theluji.
Wala sikumwambia baada ya dhiki faraja:
dhiki yenyewe ilikuwa imekaa kitandani kwake,
haijavua hata koti.

Nilimpa kazi.
Jiko la chumba cha wadogo, nikamwambia,
hufa saa kumi alfajiri. Nataka mtu wa kuliamsha.
"Nikipitiwa na usingizi?"
Tutaamka na baridi. Kisha tutaliwasha.
Alinitazama kama mtu aliyeuziwa farasi
kwa bei rahisi mno.

Usiku wa sita alipitiwa.
Maji ya ndoo yaliganda mpaka yakashika kata.
Wadogo wakaketi vitandani, midomo ikitoa mvuke
kama vibirika.
Yeye kasimama katikati, kiberiti mkononi,
shavu limeshajitayarisha kwa kofi.
"Nimewaua," alisema.

Hapana. Wana baridi. Hicho ni kitu kingine.
Hebu wahesabu.

Akahesabu kwa kidole, polepole.
Kumi na wanne.
Akarudia, akianzia upande wa dirisha.
Kumi na wanne, na mmoja wao anapiga chafya,
na mmoja anauliza kama chai itakuwa na maziwa.
Nikamwambia, komba majivu.
Wadogo wakapokezana makaa ya mawe toka mlangoni,
wakajipaka masizi hadi masikioni,
na Shijir akapuliza, akapuliza,
mpaka macho yakamtoka machozi ya moshi,
na yale mengine yakapata njia humo humo.

Sitasema amepona. Siijui siku ya kupona ilivyo.
Nyama ya kondoo bado anaisukuma ukingoni mwa sahani.
Upepo ukigonga bati, hutoka nje kutazama.
Alhamisi moja alinikuta jikoni namenya viazi, nalia.
"Hata wewe?"
Hata mimi. Zudi yangu ilikuja nikiwa na miaka tisa.
Akatafuta kisu cha pili, akaketi.
Hakuuliza zaidi. Akamenya vibaya,
nusu ya kiazi ikienda na ganda,
nami sikumsahihisha.

Mwisho wa Machi akaletwa msichana kutoka bonde la juu,
Nomuun, miaka saba, kimya kama jiwe la mtoni.
Nilikuwa koridoni na rundo la mashuka
nikamsikia Shijir mbele ya jiko, sauti ya kiutu uzima:
"Makaa makubwa nyuma. Madogo mbele.
Usilizibe kwa pupa, nalo linahitaji pumzi."
Kisha, baada ya kufikiri kidogo:
"Na likizima, niamshe.
Huwa linazima."